Kupima chaja za lithiamu za bei nafuu: je, ampea zilizoandikwa zinafika kwenye betri?

Chaja ya bei nafuu iliyoandikwa 1A mara nyingi ikipimwa hutoa 0.5A, na nyingine haifiki hata hapo. Hilo wengi wanalijua. Kisichosemwa sana ni kwamba kipimo nacho hudanganya: multimita iliyochomekwa ovyo kwenye njia ya umeme, kebo nyembamba, au betri iliyokaribia kujaa huifanya hata chaja nzuri ionekane mbovu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuhakikisha unachopima ni chaja yenyewe, si vitu vilivyoizunguka.

Maelezo haya ni ya chaja zinazojaza seli moja moja za lithiamu-ioni za volti 3.6 au 3.7 (za ukubwa wa 18650, 21700, 14500 na kadhalika), pamoja na bodi ndogo za TP4056, chipu ya kuchajia seli moja. Pakiti za seli nyingi zilizofungwa mfululizo zina mambo yake na hazimo humu.

Piga hesabu ya lebo kwanza

Geuza chaja usome umeme unaoingia na unaotoka, kisha zidisha volti kwa ampea kila upande upate wati. Chukua chaja ya nafasi nne yenye lebo isemayo inaingiza 5V 2A na inatoa 4.2V 1A × 4. Inaingiza wati 10 na inadai kutoa wati 16.8. Haiwezekani, na hujagusa mita bado. Tuseme asilimia 85 ya umeme unaoingia ndiyo inayofika upande wa pili: zimebaki wati 8.5, ambazo kwa volti 4.2 ni kama ampea 2 kwa nafasi zote. Seli nne zikiwekwa pamoja, kila moja inaambulia nusu ampea. Mtengenezaji mwenye haya huandika kwamba 1A inapatikana nafasi mbili tu zikitumika. Asiye na haya huandika 1A, basi.

Hesabu hiyo ni ya chaja zenye koili ndani, zile zinazobadilisha volti. Aina ya pili, ambayo TP4056 ni mfano wake mkubwa, haibadilishi kitu. Volti zilizozidi inazichoma zikawa joto, na ampea zinazoingia ndizo zinazotoka. Bodi nne za namna hiyo zikitakiwa kutoa 1A kila moja zinahitaji ampea 4 kwa volti 5. Ukiipachika chaja ya aina hii kwenye mita ya USB, kile kifaa kidogo cha kuonyesha volti na ampea zinazopita kwenye kebo, na mita ikasoma 0.5A kwa nafasi moja, jibu umeshalipata: seli haiwezi kupokea zaidi ya hapo.

Kuzitofautisha bila kufungua ni rahisi. Tazama ampea zinazoingia huku volti ya seli ikipanda kutoka 3.5 kwenda 4.0. Zikibaki palepale, chaja ni ya kuchoma joto. Zikipanda taratibu pamoja na volti ya seli, ina koili. Na ukikuta ampea zinazotoka ni nyingi kuliko zinazoingia, koili ipo bila shaka.

Jambo moja zaidi kuhusu lebo: baadhi ya chaja hutoa 2A pale tu zinapopewa volti 9 au 12 kutoka adapta ya kuchaji haraka. Ukizipa volti 5 za kawaida hushuka zenyewe. Huo si udanganyifu, mradi limeandikwa.

Saa ya kupima

Chaja ya lithiamu haitoi mkondo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Seli ikiwa chini ya volti 2.9 hivi, chaja nyingi hutoa mkondo mdogo wa kuiamsha. TP4056 hutoa moja ya kumi ya mkondo wake kamili. Kutoka hapo mkondo hupanda na kubaki thabiti. Huo ndio unaoandikwa kwenye lebo. Seli ikifika 4.2 chaja huishikilia volti hapohapo na kuacha mkondo ushuke wenyewe, mpaka ufike kiwango cha kukatia.

Basi pima seli ikiwa kati ya volti 3.5 na 3.9. Anayepima betri yenye 4.15 na kukuta 0.3A hajagundua kitu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kadhalika anayeweka seli iliyokufa hadi 2.6 akasoma 0.1A.

Seli yenyewe nayo lazima iwe nzima. Seli iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani, hivyo volti yake inaruka hadi 4.2 mara tu mkondo unapoingia, na chaja inaanza kupunguza mapema ikidhani betri imejaa. Kuijua seli yako, pima volti yake ikiwa imepumzika, kisha ipime tena sekunde chache baada ya kuanza kuchaji, gawanya tofauti kwa ampea. Ikiwa ilikuwa 3.70 na sasa ni 3.76 kwa mkondo wa 0.9A, tofauti ni 0.06, gawanya kwa 0.9 upate omu 0.067. Hiyo inafaa. Ikizidi omu 0.2, tafuta seli nyingine ya kupimia. Ziepuke pia seli za 18650 zilizoandikwa 9900 mAh (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa seli): seli za kweli za ukubwa huo zilizoenea huishia karibu 3500, na hizo za uongo mara nyingi ni nyepesi mno. Seli halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 44 hadi 50.

Vifaa

Multimita yenye kipimo cha 200 mV inatosha, hata ya bei ya chini, ilimradi betri yake si chovu. Multimita nyingi za kawaida betri yake ya 9V ikikaribia kuisha husoma volti kubwa kuliko halisi, na watu wameshatupa chaja nzima kwa kosa la betri ya mita.

Usitumie tundu la mA. Kwenye kipimo cha 200 mA, multimita nyingi zina ukinzani wa omu 1 hivi, na fyuzi yake ndogo itakatika mara moja. Tundu la 10A ni bora, lakini ukinzani wa mita, fyuzi na waya zake ukijumlishwa mara nyingi ni kati ya omu 0.03 na 0.1. Kwa mkondo wa 1A, omu 0.1 ni volti 0.1. Chaja inapima volti kwenye vyuma vyake, haijui kwamba kuna mita katikati, kwa hiyo seli ikiwa na 4.1 yenyewe inaona 4.2 na kuanza kupunguza. Ongeza kwamba mita nyingi za bei ya chini haziruhusu 10A kwa zaidi ya sekunde 10 au 15, na tundu hilo huenda halina fyuzi kabisa.

Njia safi ni shunti: rezista ndogo unayoipitisha mkondo, kisha unapima volti juu yake. Nunua rezista mbili za omu 0.1, asilimia 1, wati 3 au zaidi, uzilehemu sambamba upate omu 0.05. Ampea 1 itatoa milivolti 50, na kwenye kipimo cha 200 mV kila 0.1 mV ni miliampea 2. Ampea 2 zitapoteza volti 0.1 tu. Omu 0.01 hupoteza volti pungufu ya hizo, lakini kila 0.1 mV inakuwa miliampea 10, na kwa chaja za 0.5A hatua hiyo ni kubwa mno. Kwa kazi hii omu 0.05 ndiyo ninayoipendekeza.

Kosa linaloharibu shunti nyingi ni mahali zinapounganishwa waya za mita. Sentimita 5 za waya wa milimita mraba 0.2 zina omu 0.004 hivi, ambayo ni asilimia 8 ya shunti yako. Waya za mita zilehemu kwenye miguu ya rezista, karibu kabisa na mwili wake, na waya za mkondo zilehemu nje zaidi. Waya za mkondo ziwe za milimita mraba 0.75, kila mmoja usizidi sentimita 15.

Mita za klampu (zenye taya zinazozunguka waya) za DC, yaani umeme wa betri, ni rahisi kutumia kwa kuwa hazikati sakiti, lakini hakikisha ni za DC kweli, kwani nyingi za bei ya chini zinapima AC, umeme wa ukutani, pekee. Zisawazishe kwenye sifuri kabla ya kila kipimo. Kwa mikondo midogo zungusha waya mara 5 ndani ya taya na ugawanye jibu kwa 5.

Ulimi wa kuingiza kati ya betri na chaja

Seli imekaa kwenye chaja. Mkondo utapitaje kwenye shunti? Kata kipande cha bodi ya sakiti yenye shaba pande zote mbili, upana wa milimita 10, urefu wa milimita 25, unene wa milimita 1 au pungufu. Lehemu waya mmoja upande wa juu na mwingine upande wa chini, kwenye ncha itakayobaki nje. Waya hizo mbili ndizo zinazokwenda kwenye shunti. Ulimi ukiingia kati ya seli na chuma cha chaja, mkondo hauna njia nyingine ila kuzunguka kupitia shunti.

Piga msasa kingo za ulimi. Kukata bodi huacha chembe za shaba ukingoni zinazounganisha pande mbili, na zikibaki mkondo utapita hapo badala ya kwenye shunti, nawe utasoma 0.1A kutoka chaja inayotoa 1A. Kabla ya kuunganisha shunti, weka multimita kwenye mlio na uguse pande zote mbili: isilie.

Ulimi uingie upande wa hasi. Upande wa chanya wa seli ya 18650 una kitufe katikati, lakini ukingo unaokizunguka ni kopo lenyewe, yaani hasi, lililofunikwa kwa ganda la plastiki tu. Ulimi wenye kona kali ukilichana ganda hilo umepiga shoti ya seli inayoweza kumwaga makumi ya ampea. Upande wa hasi wote ni kopo, hakuna cha kugusana nacho. Kona za ulimi ziviringishe hata hivyo.

Seli zenye bodi ya ulinzi ni ndefu zaidi, nyingine hufika milimita 69 au 70, na ulimi ukiongezeka springi ya chaja inaweza kugoma. Tumia seli isiyo na ulinzi, kwa uangalifu unaostahili.

Kipimo chenyewe

Weka chaja juu ya kigae au trei ya chuma isiyogusa vyuma vya chaja, mbali na karatasi na vitambaa. Ukiwa na chaja inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, panga kila kitu kwanza: seli, ulimi, shunti, mita. Ndipo uchomeke. Usiguse vyuma vya betri wala ulimi ikiwa imechomekwa, maana kwenye chaja duni utengano kati ya umeme wa ukutani na upande wa betri si wa kuaminiwa. Ukitaka kugeuza chochote, chomoa.

Pima volti ya seli moja kwa moja kwenye ncha zake. Ikiwa kati ya 3.5 na 3.9, washa. Subiri sekunde 10, soma milivolti za shunti, zidisha kwa 20 upate miliampea. Milivolti 47.5 ni miliampea 950. Andika. Rudi baada ya dakika 10 usome tena, kisha baada ya dakika 30, na kila mara andika volti ya seli kando ya mkondo. Gusa au pima joto la seli pia. Kuchaji kunaruhusiwa kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi, na seli ikizidi 45 unasimamisha.

Kusoma mara ya kwanza pekee hakutoshi kwa sababu ya joto la chaja. TP4056 ikipewa volti 5 na seli ikiwa 3.5, kwa 1A inachoma wati 1.5 ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha. Ikipata moto kupita kiasi inapunguza mkondo yenyewe ili isiungue. Hapo utaona 0.98A mwanzoni na labda 0.7A baadaye, kisha mkondo unapanda tena kidogo seli inapofika 3.9, kwa kuwa tofauti ya volti imepungua na joto limepungua nalo. Ukiona mkondo unashuka kisha unapanda namna hiyo, tatizo ni upoozaji.

Ukimaliza nafasi moja, pima kila nafasi peke yake, halafu zote zikiwa zimejaa seli. Kwenye chaja za nafasi nne si ajabu mbili za nje kutoa mkondo mkubwa na mbili za kati mdogo. Wala usiamini kioo cha chaja kabla ya kukilinganisha na shunti. Chaja nyingine huonyesha mkondo uliopangwa, si unaopita.

Kuhusu kiasi cha makosa: shunti ya asilimia 1 na mita ya kawaida kwa pamoja zinaweza kukosea asilimia 2 au 3. Chaja ya 1A ikisoma 0.95 haina kesi. Mimi huipa chaja nafasi hadi asilimia 10 pungufu. Chini ya hapo natafuta sababu kabla ya kuilaumu, na mahali pa kwanza ni nyuma yake.

Kebo na adapta

Kebo nyingi za USB zina waya wa umeme wa milimita mraba 0.08. Mita moja ya kebo hiyo, kwenda na kurudi, ni omu 0.43. Ampea 1 zinapoteza volti 0.43, ampea 2 zinapoteza karibu 0.86, na chaja inabaki na volti 4.1 kutoka adapta inayotoa 5. Chaja ya kuchoma joto haiwezi kujaza seli hadi 4.2 kwa volti 4.1, hata iwe nzuri vipi.

Kwa hiyo wakati chaja inafanya kazi, pima volti pale umeme unapoingia kwenye chaja, si kwenye adapta. Ikiwa chini ya 4.75, badilisha kebo kwa fupi na nene, au adapta kwa yenye ampea za kutosha, urudie. Adapta ya 1A haiwezi kuhukumu chaja inayohitaji 2A.

Kuna kasoro moja ya kuudhi kwenye bodi na chaja nyingi zenye tundu la USB-C: hazina rezista mbili za omu 5100 zinazoiambia adapta kwamba kuna mtumiaji. Kwa kebo ya C kwenda C hazipati umeme hata kidogo. Kwa kebo ya A kwenda C zinafanya kazi vizuri. Kabla ya kusema chaja imekufa, badilisha kebo.

Njia ya mkato kwa TP4056

Bodi hizi zinakuruhusu kupima mkondo bila kukata kitu. Mguu wa 2 wa chipu umeunganishwa na rezista inayopanga mkondo, na volti ya mguu huo inafuata mkondo wa kuchaji: gawanya volti kwa omu za rezista, zidisha kwa 1200. Kwenye bodi za kawaida rezista ni omu 1200, hivyo volti unayosoma kati ya mguu wa 2 na hasi ya bodi ndiyo ampea zenyewe. Volti 1.0 ni 1A, volti 0.6 ni 0.6A, na 0.1 wakati seli ikiwa chini ya 2.9.

Ukikuta rezista nyingine, umejua kwa nini bodi haitoi 1A: omu 2000 inapanga karibu 0.58A, omu 4000 inapanga 0.3A, na omu 10000 inapanga 0.13A. Isome alama au ipime umeme ukiwa umetolewa na seli haipo. Tahadhari: chipu za kuigiza zenye jina hilohilo zipo, na kanuni hii si lazima izishike sawasawa. Thibitisha mara moja kwa shunti, baadaye utumie mguu wa 2.

Namba zinapoyumba

Mita ikiruka kutoka 20 mV hadi 60 na kurudi, huenda chaja inatoa mkondo kwa vipande. Nyingine husimama kila baada ya muda mfupi ili zipime volti ya seli bila mkondo. Nyingine hugawa umeme kwa zamu kati ya nafasi. Unachohitaji ni wastani, kwani wastani ndio unaojaza betri. Weka rezista ya omu 1000 kati ya shunti na waya chanya wa mita, na kapasita ya maikrofaradi 2200 kati ya waya mbili za mita. Subiri sekunde 10 hadi 15 kabla ya kusoma. Ikiwa chaja inazunguka kwa vipindi virefu zaidi ya hapo, soma kila sekunde 5 kwa dakika kadhaa upige wastani kwa kalamu.

Chaja inayotoa vipande vya 1A nusu ya muda inatoa 0.5A. Lebo isemeje.

Betri ya bandia

Ukitaka kuona mkondo katika volti mbalimbali bila kusubiri seli ijae, tumia pawa saplai ya mezani na rezista. Rezista peke yake haitoshi: bila volti upande wa betri, chaja inaona seli iliyokufa na kutoa mkondo wa kuamsha tu, au inakataa kuwaka. Pawa saplai peke yake pia haitoshi, kwa kuwa nyingi haziwezi kumeza mkondo unaosukumwa kwao.

Panga pawa saplai kwenye 3.7V na sambamba nayo uweke rezista ya omu 2.2, wati 10. Rezista inakula 1.68A na kuwa moto kwa wati 6.2. Sasa unganisha chaja: ikitoa 1A, pawa saplai inapunguza mchango wake hadi 0.68A na volti inabaki 3.7. Tofauti hiyo ndiyo mkondo wa chaja. Badilisha volti hadi 3.0, 3.3, 4.0, 4.15 na utauona mchoro mzima wa chaja kwa dakika chache. Kumbuka tu kwamba kwa 3.0V rezista inakula 1.36A, na mkondo wa chaja usiizidi rezista, la sivyo volti itapanda bila mdhibiti. Kwa chaja za 2A weka rezista mbili sambamba, na pawa saplai iweze kutoa ampea 4.

Ukiwa huna chochote ila saa

Unahitaji seli ambayo ujazo wake unaujua kwa kuitoa umeme na kuupima, si kwa kusoma ganda lake. Itoe hadi volti 3.0, iweke kwenye chaja, andika muda mpaka taa ibadilike rangi. Seli ya 2500 mAh kwenye chaja inayotoa 1A kweli huchukua karibu saa 3, kwa sababu ya ule mwisho wa polepole. Ikichukua saa 6, gawanya 2500 kwa 6: wastani ni 417 mA. Kwa seli nzima, wastani wa chaja ya kweli huwa robo tatu ya mkondo ulioandikwa au zaidi, kwa hiyo chaja hiyo inatoa nusu ampea hivi. Njia hii haina ulimi, shunti wala kosa la mita, ingawa inategemea taa kuwaka kwa wakati wake, na taa za chaja duni hubadilika hata seli ikiwa 4.1.

Mwisho wa kuchaji

Hapa ndipo chaja hutupwa. Mkondo pungufu ni uchelewaji tu, tena seli zinadumu zaidi zikichajiwa polepole. Volti iliyozidi ni jambo la moto. Taa ikionyesha seli imejaa, pima kwenye ncha za seli ikiwa bado ndani ya chaja. Inatakiwa 4.20, na wengi wa watengenezaji wa seli huruhusu 0.05 juu au chini. Mita yenye kosa la asilimia 0.5 inaweza kukosea volti 0.02 hapo, hivyo 4.22 si hukumu. Ikizidi 4.25, pima tena kwa mita nyingine, na ikithibitika chaja hiyo isitumike tena.

Hakikisha unajua aina ya seli kabla ya kulaumu: zipo za kujazwa hadi 4.35, na za chuma-fosfati hujazwa hadi 3.65 tu. Chaja yenye swichi ya kuchagua aina ipimwe kwenye kila chaguo.

Iache seli humo saa moja zaidi baada ya taa kubadilika, ukiwapo, kisha soma shunti. Chaja iliyokata kweli inaonyesha sifuri au karibu yake, na volti ya seli imeshuka kidogo. Ukikuta miliampea 30 au 50 bado zinapita na volti inazidi kupanda, chaja haijui kukata: taa ni pambo, na seli ikisahauliwa humo usiku kucha itavuka 4.2.

Kisha chomoa chaja na uache seli ndani. Mkondo sasa unaweza kurudi kutoka seli kwenda chaja, na mita itaonyesha alama ya kutoa. TP4056 hurudisha maikroampea chache tu, ambazo shunti hii haitaziona. Ukisoma 0.5 mV, ni miliampea 10, yaani 240 mAh kwa siku. Seli ya 2500 iliyosahauliwa humo itakuwa tupu kwa siku kumi hivi, kisha itaendelea kushuka chini ya volti inayoiharibu. Chaja kama hiyo bado inatumika, ila bandika karatasi juu yake: seli zitolewe kabla ya kuchomoa. Na kwenye karatasi hiyohiyo andika mkondo uliopimwa wa kila nafasi, na volti iliyokatia.